Mto Murhundu utatosha Bukavu mpaka lini? Natafuta wa kulipia utafiti

Binti_Kadutu aliandika:

Jambo ndugu zangu wote. Nimekuwa nasoma humu muda mrefu bila kuandika, leo mnivumilie juu itakuwa ndefu.

Mimi ni asistenti kwa iniversite moja ya hapa Bukavu, Kongo, upande wa jiografia. Tuko watatu, mwenzangu mmoja ni injinia wa maji, mwingine ni mtu wa takwimu. Swali letu ni moja tu: mto Murhundu, ule wa kule Kabare ambako REGIDESO, kampuni ya maji ya serikali, inachukuaka maji ya mji, utatosha mpaka lini? Mji umeshapita watu milioni moja na nyumba bado zinapanda mulima. Nilipiga hesabu kwenye daftari, kila mtu tumpe lita 50 kwa siku, na hiyo haiko anasa, ni kunywa, kupika, kuoga na kufua basi. Watu milioni moja ni mita za ujazo 50,000 kwa siku, ukigawa kwa sekunde unapata kama lita 580 kila sekunde, usiku na mchana, Pasaka na Noeli. Mji ukikua asilimia 4 kwa mwaka, hesabu hiyo inakuwa mara mbili ndani ya miaka 18 hivi. Hapo sijaweka hospitali, shule, na maji yanayopotea njiani kwenye mabomba yaliyopasuka.

Niwaambie kwa nini hii kitu imeniingia. Nilikulia Kadutu, mtaa wa hapa Bukavu, na kuna chemchemi moja chini ya kwetu ambako mama alikuwa ananituma tangu niko na miaka 8. Bidoni, yale madumu ya maji, zinapangwa mstari kuanzia saa kumi na moja asubuhi, kila mtu amefunga kitambaa cha rangi yake kwenye mkono wa bidoni ili zisichanganyike, na mimi wakati wa kungoja nilikuwa nahesabu kimoyomoyo mpaka bidoni ya lita 20 ijae. Nilikuwa nafika 40, kiangazi labda 45. Mwaka jana mwezi wa nane nilienda kusimama palepale na saa ya telefone mkononi, ikachukua dakika 3 na kidogo. Maji ni yaleyale, masafi, baridi, ila uzi wake umekuwa mwembamba kama kidole changu. Nikajiuliza, kama chemchemi ya hapa inafanya hivi, mto wenyewe kule juu uko vipi, na nani anauhesabia?

Sasa shida ni pesa. Bajeti yetu ni dola 14,200 kwa miaka 2. Tuliandikia shirika moja wakajibu wao wanatoa pesa ya kujenga, haiko ya kusoma. Lingine wakasema mada ni nzuri lakini hatuna data ya kuanzia. Kwa hiyo sina data juu sina pesa, na sina pesa juu sina data. Naomba msaada kwa mambo mawili: ni wapi panaweza kutoa pesa ya utafiti kama huu, na je tubaki na Murhundu au tupanue tuchukue bonde lote la Ruzizi, ule mto mkubwa unaotoka Ziwa Kivu, labda wafadhili watatusikiliza zaidi?

---

Fundi_Debi alijibu:

Dada yangu, pole na hongera. Nimefanya kazi za maji vijijini miaka mingi, nitakuambia wazi na usinikasirikie.

Wewe umeshaanza utafiti tangu uko na miaka 8, ni vile tu haukuandika. Lita 20 kwa sekunde 40 ni nusu lita kwa sekunde. Lita 20 kwa dakika 3 ni kama moja ya tisa ya lita. Hiyo inaitwa kupima debi, yaani maji mangapi yanapita kila sekunde, kwa ndoo na saa, na kwa chemchemi ndogo hakuna njia iliyo nzuri kuliko hiyo hata ukienda na mashine ya dola 5,000. Kama ungekuwa na namba hizo za kila mwezi kwa miaka 20, leo mfadhili angekufuata yeye.

Niulize kitu kimoja, kwenye hizo dola 14,200 ni ngapi za kupima maji yenyewe? Nina hofu ni kidogo. Dosie nyingi za kuomba pesa ninazoonaka ni ordinatere (kompyuta), programu, semina, tiketi ya ndege ya kwenda kuonyesha matokeo, halafu mto wenyewe umepewa dola mia nane. Mambo ya miaka 20 mbele yanajengwa juu ya leo. Modeli, ile hesabu ya kompyuta ya mambo ya mbele, ukiipa chakula kibaya itakupikia kibaya, hata kama picha zake zina rangi nzuri.

Anza hivi. Mto mdogo hauhitaji kitu kikubwa: rula ya chuma au ya mbao ngumu iliyopakwa rangi, imesimamishwa pahali ambapo mto umenyooka na kando yake ni imara, karibu na daraja ndiyo vizuri. Mtu anayeishi jirani anasoma kimo cha maji saa moja asubuhi na saa kumi na moja jioni, kila siku, hata siku ya matanga. Halafu nyinyi mnapanda mara mbili kwa mwezi kupima debi, kiangazi, mvua ya kwanza, na siku mto umefura pia, ndipo mnaunganisha kimo na debi mnapata mchoro wenu. Baada ya hapo kila kimo kinachosomwa kinageuka lita kwa sekunde.

Kupima hata chungwa linatosha. Nilifundisha vijana kwenye kamto kamoja nyuma ya kwetu, tulipima mita 10 kwa kamba, tukatupa chungwa katikati mara sita, wastani ukawa sekunde 14. Kwa nini chungwa? Kwa sababu linazama karibu lote, upepo haulisukumi kama majani. Upana mita 4, kina tulipima kila nusu mita tukapata wastani wa sentimita 35. Sasa 10 gawa kwa 14 ni mita 0.71 kwa sekunde, unazidisha na 0.85 kwa sababu maji ya juu yanakimbia kuliko ya chini, unapata 0.61, mara 1.4 ya eneo (upana 4 mara kina 0.35), ni kama lita 850 kwa sekunde. Inaweza kukosea asilimia 10, hata 20, lakini ni namba na uko nayo mkononi. Kijana mmoja alikataa kuamini, akarudia peke yake mara sita zingine, akapata 13 na nusu. Huyo leo ni injinia.

---

Mwana_Uvira alijibu:

Mimi niko Uvira, naunga mkono Fundi_Debi lakini naongeza, msiuze utafiti wenu kama wa jiografia, uzeni kama wa afya. Sisi huku mji unakunywa mto Mulongwe. Kuna utafiti ulifanyika hapa kwetu ukatoka 2015, walichukua siku ambazo maji ya bomba yalikatika wakalinganisha na wagonjwa walioingia kituo cha kipindupindu, wakaona baada ya siku za bila maji wagonjwa wanapanda. Kitu ambacho kila mama wa Uvira anajua tumboni mwake kikawa kwenye karatasi, na karatasi hiyo watu wa mbali waliisoma. Mfadhili anayekataa kulipia "debi ya mto" anaweza kulipia "siku ngapi kwa mwaka Bukavu itakosa maji 2040 na nani ataugua".

Halafu msisahau upande wa maji mengi. Aprili 2020 Mulongwe ulifura usiku, ukabeba nyumba na watu, na mitambo ya maji ya mji ikaharibika. Kwa hiyo mji ukawa umejaa maji na hauna maji ya kunywa. Kama mnaandika maisha ya mto ya mbele, msiandike ukame peke yake, na rula yenu muweke nyingine juu zaidi kando ya mto, juu ile ya chini mafuriko ya kwanza yataiondoa, mnabaki bila kitu siku ambayo namba ni ya dhahabu.

---

Mama_wa_Kabare alijibu:

Mwanangu Binti Kadutu, nimesoma yote. Mimi si mtu wa iniversite, ni mulimaji na ni mama wa kikundi cha akiba huku Kabare. Nina neno moja, na ninakuomba ulisikie vizuri.

Nyinyi wa mujini munasema "maji ya Bukavu". Mto unapita kwetu kwanza. Sisi pia tuko wengi kuliko zamani, mashamba yamegawanywa mupaka mutoto anarizi kipande cha kulaza mukeka, kwa hiyo watu wanalima hata mabondeni, pahali pa majani ya maji ambapo wazee hawakugusa hata kidogo. Kiangazi tunamwagilia sombe, kabichi, lengalenga, na hizo mboga njo munakulaka kule sokoni Kadutu. Ukihesabu lita 50 za mutu wa mujini, uhesabu na mufereji wetu wa mboga. Ukiacha, hesabu yako itakuwa ya uongo, na siku matokeo yatatoka watatuambia sisi njo tunamaliza maji.

Watu walishakuja huku na makaratasi, wakatuuliza maswali asubuhi muzima, tukaacha kazi, hawakurudi hata kusema aksanti. Mukitaka mambo yaende, munapita kwanza kwa mwami, mufalme wetu, na kwa shefu wa grupma, mukubwa wa vijiji vyetu, munasema wazi munatafuta nini, halafu mutu wa kusoma hiyo rula awe wa huku na alipwe. Tena alipwe kila mwezi, haiko mwisho wa mradi. Kwetu kuna mwalimu wa shule ya musingi, mwanamuke, nyumba yake iko hatua chache na daraja, anaandika vizuri na hajawahi kukosa kazi hata siku moja. Nikimuuliza nafikiri atakubali.

---

Kijana_Kampala alijibu:

Yaya Binti, dada yangu mkubwa, mimi ni mtoto wa Bagira hapo Bukavu, niko Kampala nasomea usimamizi wa maji. Nikujibu upande wa pesa kwanza.

Kwa kiasi chenu, jaribu IFS (International Foundation for Science) ya Stockholm, wako tangu 1972 na kazi yao ni kusaidia watafiti vijana wa nchi zetu kwa pesa ndogo kama hizi, maji yamo kwenye mada zao. Angalia kama maombi yako wazi na umri wanaokubali, na mtu anaomba kwa jina lake, kwa hiyo mchague nani kati yenu atabeba dosie. TWAS, akademia ya sayansi ya Trieste, pia inatoaka pesa kwa watafiti wa nchi zilizo nyuma kisayansi. Ubelgiji kuna VLIR-UOS na ARES, miungano ya iniversite za kule, hao lazima uwe na profesa wa kule anayeingia nawe, usimuandikie barua ndefu, muandikie ukurasa mmoja na namba zako za kwanza. African Water Facility iliyo chini ya Benki ya Maendeleo ya Afrika inalipia matayarisho ya miradi ya maji, lakini haitoi kwa mtu mmoja, ni serikali, miji, mamlaka za mabonde na kadhalika, hiyo weka kichwani kwa hatua ya pili. Na kuhusu pesa kufika, benki za kwetu zilifungwa mwanzo wa 2025 vita ilipofika Bukavu, mnayajua kuliko mimi, mfadhili atauliza swali hilo mbele ya yote, kwa hiyo barua iseme tayari ni mshirika gani nje atapokea na atawatumia kwa njia gani.

Programu msilipie kabisa. WEAP ya Stockholm Environment Institute ni bure kwa iniversite na mashirika yasiyo ya faida ya nchi zetu, unaandika barua unapewa leseni, na imetengenezwa kwa swali lenu kabisa: hapa maji, pale wanaoyataka, nani anakosa mwaka gani. Mvua ya satelaiti, CHIRPS, ni bure, inaanza 1981, kila kisanduku ni kama kilomita 5. Ila milima yetu na ziwa vinaichanganya, kwa hiyo ilinganisheni na namba za ardhini. Na namba za ardhini ziko karibu nanyi, Lwiro, kile kituo cha utafiti kilichoanzishwa kama IRSAC 1947, walipimaka mvua tangu zamani. Pandeni mwende kuomba kwa heshima na barua ya rekta. Hiyo ndiyo jibu kwa wale walisema hamna data ya kuanzia.

Sasa nikupe hadithi moja ya kweli ambayo profesa alitufundisha ikanikaa. Mto Colorado, Marekani. 1922 majimbo 7 yalipatana kugawana maji, wakatumia vipimo vya miaka michache ambayo, kumbe, ilikuwa na mvua nyingi kuliko kawaida. Wakagawana kwenye karatasi maji ambayo mto wenyewe hauna. Miji ikakua, mashamba yakakua, leo watu kama milioni 40 wanautegemea. Ndipo 2010 ofisi ya serikali yao ya maji, Bureau of Reclamation, na majimbo yote 7 wakaanza utafiti wa mto mzima, ukatoka Desemba 2012. Hawakuandika maisha ya mbele ya aina moja, waliandika 4 upande wa maji yatakayokuwepo na 6 upande wa watakaoyataka, wakachanganya. Jibu la katikati likawa kufika 2060 watapungukiwa kama kilomita za ujazo 4 kila mwaka. Kilichonigusa zaidi ni malipo: utaratibu wa tafiti zile ni nusu serikali kuu, nusu wale wanaokunywa, na nusu yao inaweza kuwa kazi, data, watu, si lazima pesa taslimu.

Kwa hiyo yaya, msiende kwa mfadhili mikono mitupu. Muda wa mwalimu wa Mama wa Kabare, siku zenu za kupanda mulima, ordinatere ya iniversite, maandishi ya mvua ya Lwiro, hayo yote yana bei, yaandikeni kama mchango wenu.

Na msiandike mvua ya mbele kama kitu kimoja. Modeli nyingi za hali ya hewa zinasema Afrika Mashariki mvua itaongezeka, wakati kuna sehemu vipimo vimeonyesha mvua ya masika ikipungua. Andikeni zote mbili.

---

Binti_Kadutu aliandika:

Nimesoma majibu haya mara tatu, mara ya mwisho nikiwa nimekaa na wenzangu wote wawili. Aksanti sana sana.

Fundi_Debi, ulisema kweli na iliuma. Kupima kulikuwa na dola 1,100 tu. Tumekaa jana mpaka saa tano usiku tukavunja bajeti yote. Ordinatere tumeondoa, tiketi ya mkutano tumeondoa, programu tumeondoa. Sasa kuna rula 3, moja ya juu kwa ajili ya mafuriko kama Mwana_Uvira alivyosema, vipima mvua 2, wasomaji 2 kwa dola 30 kila mwezi kwa miezi 24, hiyo ni 1,440, pikipiki ya kupanda mulima mara mbili kwa mwezi, na pesa kidogo ya kurudisha matokeo kwa watu wa Kabare wenyewe kwa Mashi, lugha yao, na Kiswahili. Imefika dola 8,900. Sikufikiri ingeshuka hivyo.

Mama, nimekusikia. Mstari wa kwanza wa dosie ulikuwa "maji ya mji wa Bukavu", tumeufuta. Sasa ni "maji ya mto Murhundu na wote wanaoyatumia", na mfereji wa mboga uko ndani, tutauhesabu kiangazi pamoja na wenyewe. Tunaomba ruhusa ya kuja kukusalimia kabla ya kwenda kwa shefu, hatutaki kupita mlango wako.

Swali la Ruzizi ndilo bado, mwenzangu wa takwimu anasema bonde kubwa linavuta pesa kubwa.

---

Fundi_Debi alijibu:

Ruzizi ni mto wa nchi tatu, dada. Unatoka Ziwa Kivu hapa mjini, unashuka karibu mita 700 mpaka Tanganyika, na ndiyo maana kila mtu anautaka. Kuna mitambo ya umeme: Ruzizi ya kwanza inazalisha tangu mwisho wa miaka ya 1950, ya pili tangu 1989 ni ya Kongo, Rwanda na Burundi kwa pamoja, ya tatu inangojewa, ya megawati 206, halafu chini yake kuna uwanda wote wa mashamba ya mpunga. Kuna hata mamlaka ya bonde, ABAKIR, kwa ajili ya nchi hizo. Huko swali si lita, ni makubaliano ya serikali, na watu watatu na dola elfu chache hamtasikika. Tena ziwa linautuliza ule mto, kiangazi haukauki kama tumito twa mulima. Hatari ya bomba la Bukavu iko Murhundu.

Fanyeni mto mmoja vizuri miaka 2. Siku ABAKIR au mwingine ataanza kutafuta namba za upande wa Kongo, atakuta nyinyi njo mnazo. Na sheria ya maji ya 31 Desemba 2015 imeipa provensi na entite za chini nafasi katika mambo ya maji, kwa hiyo pelekeni kopi ya dosie kwa provensi na kwa shefferi, utawala wa mwami, hata kama hawana pesa, muombe barua tu. Barua ya aliye na mamlaka ni mchango pia.

---

Mama_wa_Kabare alijibu:

Nimemuuliza mwalimu. Amekubali. Anauliza kama siku za Jumapili asome kabla ya misa ama baadaye, na kama mutamupa daftari ya mustari ama ya kare (miraba).

Muje juma ijayo Jumamosi, asubuhi, mvua ikianza barabara inakuwa mbaya. Shefu nimeshamutuma mutu.

---

Binti_Kadutu aliandika:

Mama, saa moja kamili, Jumapili sawa na siku zingine, kabla ya misa. Daftari ya kare, mbili, tunaleta sisi, na kalamu ya risasi juu wino unafutika na mvua. Jumamosi tuko njiani saa kumi na mbili. Fundi_Debi, kamba ya mita 10 tunayo, machungwa tutanunua njiani.